Mwano Ndani ya Mwili

Mwaka ule pamba ilikubali huku Bariadi. Wakulima wengi wa usharika wetu walikuwa shambani wakivuna, na mabenchi ya nyuma kanisani yalibaki matupu Jumapili hata Jumapili. Ndiyo sababu mwalimu wa shule ya Jumapili aliweza kumwona vizuri yule mtoto, kwa kuwa waliokuja walikuwa wachache. Alikuwa mvulana wa miaka sita, mpenda kuimba, na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama la mtoto aliyeficha pipi mdomoni. Mwalimu alidhani ni jino. Mama yake naye alidhani ni jino. Jumapili iliyofuata uvimbe ulikuwa umeongezeka, na meno mawili ya chini yalikuwa yanacheza.

Mama alituomba tumwombee, tukamwombea. Tunaposema "sisi" katika habari hii tuna maana ya mchungaji na wazee wa kanisa pamoja, maana jambo hili tulilibeba pamoja na kosa lililokuwamo ni letu sote, ingawa aliyeshika kalamu ndiye mwenye sehemu kubwa zaidi. Tulimwekea mtoto mikono mbele ya madhabahu. Tukamwambia mama asiogope, Bwana hachelewi. Maneno yale hayakuwa uongo. Lakini mama aliyasikia kama ruhusa ya kusubiri, na sisi hatukumsahihisha.

Likapita juma, likapita la pili. Jino moja likang'olewa mtaani, uvimbe usipungue. Shangazi wa mtoto akaanza kusema kwamba huenda kuna mkono wa mtu. Hilo tulilipinga kwa nguvu zetu zote, nyumbani kwao na hata mimbarani, na tukajiona tumefanya kazi ya kichungaji ipasavyo. Shida ni kwamba baada ya kulipinga hatukuweka kitu kingine mahali pake.

Na kuna jambo linalotuuma hadi leo. Benchi la tatu upande wa wanaume huketi tabibu mstaafu, mzee wa kanisa, aliyetibu watu wa huku kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakuna aliyemwuliza. Yeye alimwona mtoto kwa mbali wakati wa kuwekewa mikono, akadhani kwamba maadam mchungaji amelishika jambo hilo, limekwisha kufika hospitali. Mwalimu wa shule ya Jumapili alidhani mchungaji anajua la kufanya. Mchungaji alidhani mama amekwenda. Mama alidhani tungemwambia kama ingepasa kwenda. Usharika mzima uliona, na kila mmoja akaiweka habari ile kifuani mwake kama pesa iliyofungwa kwenye ncha ya kanga.

Juma la nne tabibu alikutana na mtoto dukani, uso kwa uso. Alimwinamisha akamtazama ndani ya kinywa, kisha akamlaza juu ya gunia la chumvi pale pale akambonyeza tumbo. Hakusema mengi. "Huyu aende Bugando, kesho." Wakapanda basi la alfajiri, wakapita Lamadi na Magu, wakafika Mwanza. Huko kilichukuliwa kipande kidogo cha uvimbe, na jibu lilipotoka lilikuwa na jina la mtu wa mbali: limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya seli za kinga zenyewe. Dawa zikaanza. Baada ya siku chache shavu likanywea, hata mama akatupigia simu akilia kwa furaha, nasi tukaimba usiku ule nyumbani kwa mchungaji. Lakini tumboni ugonjwa ulikuwa umeenea mno, na figo zikashindwa. Madaktari walifanya yote waliyoweza. Tulimzika Bariadi siku ya Jumanne, na watoto wenzake wa shule ya Jumapili waliimba wimbo alioupenda, wakakosea beti.

Matanga yalipokwisha, mama alikuja nyumbani kwa mchungaji. Tulimsalimu kwa Kisukuma kama ilivyo desturi, akaitikia, akakaa muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza, "Baba mchungaji, msinikasirikie. Mnatufundisha kwamba Mungu aliuumba mwili kwa hekima. Kliniki nako wanatuambia mwili una askari wake. Sasa askari wa mwanangu walikuwa wapi?"

Chuo cha theolojia kilitupa mengi ya kusema juu ya mateso. Tungeweza kumsomea Ayubu kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho na kumweleza wanateolojia wanne wanavyotofautiana. Ila mama huyu hakuuliza habari za mateso kwa jumla. Aliuliza habari za askari. Tukamwambia ukweli, kwamba hatujui, ila tutauliza. Nadhani, na hapa ninasema peke yangu kwa sentensi moja, hilo lilikuwa jibu la kwanza la maana tulilompa tangu mwanawe alipougua.

Tukaenda kwa tabibu. Naye akatukutanisha na daktari kijana aliyekulia katika usharika wetu, na kwa msaada wa hao wawili tulisoma tangu kiangazi hadi mvua za kupandia. Tunaandika hapa tuliyoyaelewa, kwa sababu tunaamini wako wazazi wengine katika sharika zetu wenye swali lile lile wasiothubutu kuuliza.

Tuanze na huyo Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja, maana lingine alilipoteza akiwa mvulana wa miaka 11. Tena alikuwa mtu wa sala na Biblia, jambo ambalo hakulificha. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mwenzake alimwita amtazame mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote. Burkitt hakujua ni nini. Baada ya muda si mrefu alikuwa Jinja, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alitoka nje akampima mwili mzima, akakuta uvimbe na tumboni pia. Ndipo alipoacha kutazama taya peke yake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu majuma kumi, kiasi cha kilomita 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali za Afrika Mashariki na Kusini, wakiuliza swali moja tu: je, mmewaona watoto wa namna hii? Walipomaliza walikuwa na ramani. Ugonjwa ulikuwa mwingi mahali penye joto na mvua, na ulikosekana nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa karibu ramani ile ile ya malaria. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tumo ndani yake.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliomsikiliza, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba ndani ya seli za uvimbe ule wameona kirusi kisichojulikana bado. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, na huenea kwa mate. Hapa kwetu watoto wengi sana wanakipata wakiwa bado wadogo kabisa. Watu wazima walio wengi duniani, zaidi ya tisa katika kila kumi, wanacho. Wewe unayesoma haya karibu hakika unacho, nasi tunacho, na hakitusumbui. Kimelala.

Basi swali la mama linageuka kidogo. Badala ya kuuliza kwa nini mtoto yule alikipata, tunauliza: ni nani anayekilaza katika sisi wengine?

Hapo ndipo tulipokutana na askari wa aina mbili, na ili kuwaeleza hatuna mfano ulio bora kuliko tulionao wenyewe Usukumani. Kila mtu wa huku anajua mwano. Ng'ombe wakiibwa usiku, aliyeona hupiga mwano, ile sauti ya kuinua kijiji, na anayeisikia huipokea na kuipeleka mbele mpaka kijiji cha pili kiamke. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, wazee wetu walijipanga katika sungusungu, wakajiita kwa jina la wale wadudu weusi wanaotembea pamoja na kuuma pamoja. Mwano bila sungusungu ni kelele tu. Sungusungu nao bila mwano hulala, na wakiamka hawajui mwizi ameelekea wapi.

Mpiga mwano wa mwilini anaitwa seli dendriti. Tuliosoma Kiyunani chuoni tulitabasamu tulipoliona jina hili, maana dendron ni mti, neno lile lile analotumia Mathayo katika habari za mti mwema na matunda yake. Seli hii ina mikono mingi kama matawi. Kijana mmoja Mjerumani, Paul Langerhans, aliziona katika ngozi mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, akadhani ni za mishipa ya fahamu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja, hadi 1973, ndipo Ralph Steinman na Zanvil Cohn huko New York walipoeleza na kuzipa jina seli za namna hii. Hukaa mipakani: kwenye ngozi, koo, mapafu na utumbo. Kazi yake ni kuonja. Humeza vipande vya vitu vinavyopita, na ikionja kitu kigeni cha hatari hukomaa, huacha kituo chake, na kusafiri hadi kwenye matezi kupeleka habari pamoja na kipande cha ushahidi. Lile kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu begani kwako ni mahali ambapo seli kama hizi ziliwahi kupewa kitu cha kuonja, ulipokuwa mchanga.

Askari wa pili wana jina la kutisha: seli wauaji wa asili. Wataalamu hutumia herufi mbili tu, NK, nasi tutafanya hivyo. Ziligunduliwa mwaka 1975 na watafiti wa Stockholm, na wengine Marekani wakaziona karibu wakati ule ule. Ziliwashangaza kwa sababu ziliua seli za saratani bila kufundishwa kwanza. Askari wengine wa mwili wanahitaji siku kadhaa za kufundishwa na kuongezeka. Seli NK ziko tayari zinatembea kwenye damu. Hutoboa seli mbaya na kuingiza ndani yake kemikali zinazoifanya ijimalize yenyewe.

Lakini muuaji anayetembea mtaani ni hatari. Anajuaje wa kumwacha? Karibu kila seli ya mwili wako hubeba juu yake alama fulani, tuseme kitambulisho. Seli NK hupita ikikagua. Kitambulisho kikiwapo, mkono wa muuaji hushikwa. Seli iliyoingiwa na kirusi au iliyogeuka saratani mara nyingi huficha kitambulisho chake ili askari wengine wasiitambue, na kwa kukificha inajiuza kwa seli NK. Aliyeeleza hivyo ni Klas Kärre wa Sweden, katika miaka ya 1980. Tulipoisoma sehemu hii tulikumbuka kwamba katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akieleza kifungu cha kwanza cha imani, Luther anamshukuru Muumba kwa macho na masikio na viungo vyote, pamoja na ulinzi dhidi ya hatari. Hakuwa na hadubini. Tunadhani angehitaji ukurasa mmoja zaidi.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba hawa wawili, mpiga mwano na muuaji, wanafanya kazi mbali mbali, kila mmoja na njia yake. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba seli dendriti huziamsha seli NK. Seli NK iliyo peke yake ina nguvu kiasi. Ikiguswa na seli dendriti iliyokomaa na kupokea kemikali inazotoa, ile inayoitwa interleukini 12 na nyingine za jamii yake, huamka kweli kweli, huua kwa nguvu zaidi na kuanza kutoa kemikali yake yenyewe, interferoni gama. Mwaka 2002 makundi kadhaa, wengi wao Waitalia, yakaonyesha upande wa pili, na huo ndio uliotukamata. Seli NK nayo huikomaza seli dendriti. Interferoni ile, pamoja na kugusana, humfanya mpiga mwano awe mpiga mwano bora, na habari anayoipeleka kwenye matezi inakuwa na nguvu zaidi. Na zaidi ya hapo, seli NK huikagua. Seli dendriti iliyokomaa hubeba vitambulisho vingi na huachwa iende. Isiyokomaa, ambayo ingepeleka habari nusu na kuwapotosha askari wengine, seli NK huiua.

Tulisimama hapo siku nyingi. Mjumbe humwamsha mlinzi, na mlinzi humpima mjumbe. Mambo hayo hufanyika pamoja, mahali pamoja, kwa kugusana.

Watu wa Simiyu hatuhitaji kuelezwa kwa nini mjumbe apimwe. Tunajua habari za bibi vizee waliouawa katika nchi hii ya Usukuma kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka hamsini. Ule nao ulikuwa mwano. Ulipigwa, ukapokelewa, ukapelekwa mbele, na hakuna aliyeuzuia kwa kuuliza: umeona nini hasa? Shangazi wa yule mtoto alipoanza kusema kuna mkono wa mtu, tuliukataa mwano wa namna hiyo, na tulifanya vema. Hata hivyo mlinzi anayeua habari mbichi tu, asiyeamka kwa habari iliyokomaa, amefanya nusu ya kazi. Habari iliyokomaa ilikuwapo. Shavu liliongezeka kutoka Jumapili hadi Jumapili mbele ya macho yetu.

Sasa turudi kwa kirusi kilicholala. Mlango wake ni koo. Hukaa katika seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, na huzisukuma zigawanyike bila kikomo. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba katika mafindofindo ya koo, seli dendriti huziamsha seli NK, nazo hutoa ile interferoni gama, ambayo huzuia seli B zisigeuzwe na kirusi. Yaani pale pale mlangoni, mpiga mwano na askari wamesimama pamoja, nao ni miongoni mwa wanaokilaza kirusi hicho.

Kisha inakuja malaria. Mtoto wa kandokando ya ziwa anaweza kuugua malaria mara nyingi kabla ya kuanza shule. Kila mara seli B hukurupushwa zigawanyike, na kugawanyika kwingi huleta makosa mengi. Kinga nayo inaitwa kila siku, usiku na mchana, kwa adui yule yule. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ya watafiti waliochunguza damu ya watoto wa Kenya, wenzetu wa ziwa hili hili. Katika watoto wenye saratani ya Burkitt walikuta zimejaa seli NK za namna isiyo ya kawaida, ambazo nguvu yake ya kuua ni ndogo. Zipo, tena si chache. Ila ni kama askari aliyelinda zamu tatu mfululizo. Hakuna anayesema hii ndiyo sababu yote ya ugonjwa. Ziko nyingine, na watu wanaendelea kuchunguza. Lakini mtu anayeuliza askari walikuwa wapi anaweza angalau kuambiwa hili.

Na saratani yenyewe haimsubiri mtu. Ya Burkitt ni kati ya zinazokua kwa haraka kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu; seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ajabu ni kwamba kwa sababu hiyo hiyo husikia dawa vizuri. Burkitt mwenyewe aliona Kampala, miaka ya 1960, uvimbe ukiyeyuka kwa dawa kidogo tu, na watoto wengine wakapona kabisa. Mtoto akiwahi, ana nafasi njema. Siku ya kwanza tulipomwekea mikono yule wa kwetu alikuwa anakimbia na kuimba.

Kuna habari moja ya Steinman ambayo daktari kijana alitusimulia, nasi tunaipitisha kwa kifupi. Mwaka 2007 Steinman aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alijitibu pia kwa matibabu ya majaribio, yakiwamo yaliyotumia seli zake mwenyewe za aina aliyoigundua. Aliishi zaidi ya miaka minne, muda mrefu kwa ugonjwa ule, ingawa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ni kwa sababu ya seli hizo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011. Tarehe 3 Oktoba kamati ya Nobeli ilimtangaza mshindi wa tuzo, haina habari kwamba amekufa siku tatu kabla. Tuzo haipewi marehemu, lakini waliiacha iwe yake. Hata huko Stockholm, basi, habari huchelewa.

Mvua za kwanza zilipoanza tulimwendea mama. Tulikuwa watatu: mchungaji, tabibu, na mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye aliomba mwenyewe aje. Tulikaa chini ya mwembe wake. Tulimweleza habari za mwano wa mwilini kama tulivyoandika hapa, kwa Kisukuma, na tabibu alipokwama kwenye neno alichora kwa kijiti mchangani: seli yenye matawi, na kando yake duara dogo lenye vitone. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo walikuwapo," akasema.

"Walikuwapo, mayu."

"Walichoka?"

"Huenda walichoka. Malaria huwachosha."

Alitazama ule mchoro. "Na yule wa kupiga mwano? Alipiga?"

Tabibu alimwambia kwamba lililotokea ndani ya mwili wa mtoto mmoja hakuna anayeweza kulisema kwa uhakika, naye alisema kweli. Ndipo ikatupasa kusema lile tulilolifuata. Tulimwambia kwamba habari za ndani hatuzijui, lakini za nje tunazijua. Huku nje mwano ulipigwa. Mwalimu huyu aliona Jumapili ya kwanza. Sisi wenye kazi ya kuupokea na kuupeleka mbele tuliukalia majuma manne, tukauita kukaa kwetu imani. Tukamwomba msamaha, si kwa jumla kama tunavyoungama kila Jumapili, bali kwa majuma manne yale.

Mwalimu alilia. Mama hakulia. Alinyamaza mpaka tukaanza kuogopa, kisha akasema kwamba naye aliliona tumbo likijaa kabla yetu, akaogopa nauli na maneno ya shemeji zake, na tulipomwambia asiogope alishukuru kwa sababu alitaka sana mtu amwambie hivyo. Akaenda jikoni akaleta viazi. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, alitaja jicho na mkono na sikio, na tumehubiri sura ile mara nyingi kwenye sherehe za vikundi vya usharika. Tangu viazi vile hatujaihubiri kwa namna ile ile.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja jioni, mlango wa nyumba ya mchungaji uligongwa. Ni yeye, bila hodi ya heshima na bila salamu, amemshika mkono binti wa jirani yake mwenye shavu lililovimba. "Nimepiga mwano," akasema. Tulimwita tabibu, akaja amevaa kandambili. Tukachukua bodaboda mbili hadi Somanda, na sala tuliiomba njiani, kwa sauti, juu ya kelele za pikipiki. Dereva mmoja akaitikia amina.

Lilikuwa jipu la jino. Walimtibu, wakasema arudi Jumatatu ling'olewe. Mama alianza kutuomba radhi kwa kutusumbua usiku, na tabibu akamkatiza kabla hajamaliza, akamuuliza kama yule binti amekula. Hakuwa amekula. Tukasimama kwa muuza chipsi pale nje, wote, na mtoto akatafunia upande wa kulia.